Tupeane uzoefu: Gintama ilikushika wapi, na ilikuchosha wapi?

Mwenye uzi

Wadau wa anime, yaani katuni za Kijapani, habari za jioni.

Tumeshabishana vya kutosha kuhusu Naruto, One Piece na Dragon Ball. Leo naomba uzi mmoja uwe wa Gintama peke yake. Kila aliyeitazama, hata aliyeishia njiani, atueleze ilimshika wapi na ilimchosha wapi. Sitaki sifa tupu. Ninaipenda sana na ndiyo maana nataka tuiseme vizuri, mazuri yake na mapungufu yake.

Kwa asiyeijua: ni manga, yaani hadithi ya picha za kuchora, ya Hideaki Sorachi, iliyoanza katika jarida la Weekly Shōnen Jump Desemba 2003 na kufikia juzuu 77. Anime yake ilianza Aprili 2006 kwenye TV Tokyo, ikawa inasimama na kurudi mpaka Oktoba 2018, jumla vipande 367, halafu filamu ya kumalizia ikatoka Januari 2021. Mahali ni Edo, jina la zamani la Tokyo. Katika historia ya kweli, mwaka 1853 meli nyeusi za Marekani zilikuja kuilazimisha Japani ifungue milango. Kwa Sorachi waliokuja ni viumbe wa sayari nyingine, wanaoitwa Amanto. Samurai wakapigana nao, wakashindwa, wakanyang'anywa panga. Steringi, Sakata Gintoki, alikuwa tishio katika vita ile. Sasa amepanga chumba juu ya baa ya bibi mmoja mtaa wa Kabukicho, anafanya kibarua chochote kitakachoingia mlangoni, anadaiwa kodi kila mwezi, na daktari kamkataza sukari lakini hasikii. Kiunoni ana upanga wa mbao ulioandikwa jina la ziwa Toya, lililoko Hokkaido, kisiwa alikozaliwa Sorachi mwenyewe. Anaishi kwa ubishi na vijana wawili, Shinpachi na Kagura, pamoja na mbwa anayeweza kumeza kichwa cha mtu.

Mimi ilinishika kwenye mkasa wa Benizakura, vipande vya 58 hadi 61. Kabla ya hapo ni vipande zaidi ya hamsini vya watu kugombania nyama, kutafuta paka aliyepotea na kukimbia deni. Halafu Katsura, yule mpiganaji mwenzake wa zamani ambaye kila akitokea tunacheka, anakatwa upanga usiku na kutoweka. Gintoki naye anaumizwa vibaya. Otae, dada yake Shinpachi, anakaa mlangoni kumzuia mgonjwa asitoke, huku anajua wazi kwamba atatoka. Mwishowe anamwekea nguo zilizosafishwa na mwavuli, basi. Hakuna hotuba. Nilikaa kimya pale, kwa sababu watu hawa nilikuwa nimeshawazoea katika upuuzi wao wote na sikuwa tayari kumkosa hata mmoja. Anime nyingi za ngumi zinakuonyesha nguvu ya mtu kwanza ndipo zikuombe umpende. Gintama inakuonyesha uvivu wake, ulafi wake na deni lake, kisha inamweka kwenye hatari.

Iliponichosha ni mwanzo kabisa. Vipande viwili vya kwanza vilitungwa kwa ajili ya anime tu, na vinakumwagia wahusika wote kwa mpigo kana kwamba unawajua tangu zamani. Hadithi yenyewe inaanza kipande cha 3. Nimewaona wengi wakifia pale pale mlangoni.

Karibuni.

Kijana wa Makorora (Tanga)

Asante mkuu kwa uzi. Mimi niliipata kwa fleshi hosteli chuoni, imenakiliwa na watu wengi mpaka mpangilio umepotea. Kipande cha 40 kilikaa karibu na cha 12. Na bado ilitazamika! Hapo ndipo nilipoona ubora wake mmoja ambao watu hawausemi: sehemu kubwa ya vipande vinasimama vyenyewe. Umechoka, umerudi kutoka kazini, unaweka kimoja, unacheka, unalala. Jaribu kufanya hivyo na Naruto.

Mkasa ulionishika ni Yoshiwara, 139 hadi 146. Yoshiwara ya humo ni mji wa chini ya ardhi, wanawake wamefungiwa, jua hawalioni, na mtawala wake Housen ni wa kabila la Yato, kabila moja na Kagura, wapiganaji wasiostahimili jua. Kila mtu husifia pigano la Gintoki na Housen, nami nalisifia. Lakini mimi nakumbuka zaidi Kagura akipigana na Abuto, Yato mwenzake. Damu ya Yato inampanda, anaacha kuwa yeye, anataka kuua. Anayemzuia ni Shinpachi. Shinpachi ambaye kwenye kila mjadala watu husema hana kazi, ni wa kupiga kelele na kusafisha miwani! Anamkumbatia na kumrudisha. Hana nguvu za ajabu, hana mbinu yenye jina. Tangu siku hiyo mtu akimdharau Shinpachi mbele yangu tunaongea mpaka usiku.

Mapungufu: kurudia utani. Hijikata na mayonezi yake, mara mia. Otae na mayai ya kuungua, mara mia. Mengine yanazeeka vizuri, mengine hayazeeki vizuri.

Mzalendo254 (Nairobi)

Mimi ni wale walioishia njiani, na nitasema ukweli wangu bila kumvunjia mtu heshima.

Niliacha kabla ya kufika mia. Shida yangu ya kwanza ni kusoma. Hawa watu wanaongea kwa kasi isiyo ya kawaida, mmoja anasema upuuzi, mwingine anamkemea kwa kelele, na maandishi ya chini yanapita kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Nikisimamisha picha nisome, utani umekufa. Nikiacha iende, sijaelewa kilichochekesha.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Nusu ya utani unawahusu watu wa televisheni ya Japani, wanasiasa wao, matangazo yao ya biashara, jarida lao la Jump na ratiba zake. Vichekesho vya kwetu vinanichekesha kwa sababu namjua chifu, namjua karani wa ofisi ya ardhi, namjua mhubiri wa ndani ya matatu. Mjapani anawajua wale wanaotajwa. Mimi siwajui. Wakichezea Dragon Ball naelewa, nacheka, lakini hiyo ni sehemu ndogo.

Na kuna vipande ambavyo picha ni moja tu, nyumba yao kwa nje, na sauti zinaongea dakika nzima. Mashabiki wanasema huo ni ucheshi. Mimi bando langu ni la kununua.

Mwenye uzi

Mzalendo, karibu sana, maoni kama yako ndiyo niliyokuwa nayasubiri.

Kuhusu kasi: ile namna ya mmoja kusema upuuzi na mwenzake kumsahihisha ni sanaa ya zamani kwao, inaitwa manzai, na Osaka ndiyo nyumbani kwake. Kazi yote ya Shinpachi imejengwa juu ya hiyo. Ndiyo maana sauti zina uzito kuliko picha. Daisuke Sakaguchi anayemwigiza Shinpachi, Tomokazu Sugita wa Gintoki na Rie Kugimiya wa Kagura wanajua kupokezana. Mimi hupendekeza mtu arudie kipande kile kile mara ya pili bila kusoma sana, asikilize. Kinakuwa kitu kingine.

Kuhusu watu wa televisheni ya Japani sina la kukupinga. Huo ni udhaifu wa kweli kwa sisi tulio mbali, na kadiri miaka inavyokwenda hata vijana wa Japani hawatawajua baadhi ya watu wale.

Kuhusu picha moja, hapo tutatofautiana. Mimi nilicheka.

Mama wa Wawili (Morogoro)

Hodi wanangu. Vijana wangu wa sekondari walikuwa wanaitazama chumbani, nikasikia kicheko kisichoisha, nikaingia nikakaa nao. Nimebaki mpaka leo.

Nianze na yanayonikera kama mzazi. Utani wa chooni umezidi. Matusi yapo. Na lipo jambo la Kondo, mkuu wa Shinsengumi ambao ndio polisi wao, kumfuata Otae kila anapokwenda, kujificha chini ya meza, kupanda juu ya dari, na tunatakiwa tucheke. Kuna binti mwingine, Sarutobi, anamfanyia Gintoki hivyo hivyo. Otae anampiga Kondo kila mara, ni kweli, lakini niliwaambia vijana wangu waziwazi: mtu akikataa amekataa, unarudi nyumbani kwako usiku ule ule. Nashukuru tulilizungumza. Mzazi asidanganyike kwamba, kwa kuwa ni katuni na kwa miaka mingi ilirushwa jioni ya mapema, basi ni ya watoto wadogo. Si yao. Wenyewe mwaka 2017 waliihamishia usiku wa manane.

Sasa yaliyonishika. Mtu aliyenikalisha ni Otose, yule bibi mwenye baa, mwenye nyumba wao. Kila siku anadai kodi, sauti imekwaruzwa na sigara. Ukifika mkasa wa wafalme wanne wa Kabukicho, 210 hadi 214, ndipo unajua walivyokutana. Gintoki ametoka vitani, ana njaa, amekaa kwenye kaburi wakati theluji inaanguka. Bibi amekuja kumzuru marehemu mumewe na ameleta maandazi ya sadaka. Kijana anaomba yale ya marehemu. Akishakula anasema marehemu hajasema neno, kwa hiyo atamlipa: atamlinda mkewe kwa siku zake zote zilizobaki. Basi ile kodi isiyolipwa kwa miaka nikaielewa upya. Mimi ni mjane. Sikuweza kuendelea usiku ule, niliwaambia vijana tutamalizia kesho.

Na yupo Saigo, mwanaume anayevaa kike na kuendesha baa. Wanamcheka, na baadhi ya vicheko hivyo sivipendi. Lakini alipoonyeshwa kama baba wa mtoto anayeonewa na wenzake kwa sababu ya kazi ya mzazi wake, aliandikwa kwa heshima. Sorachi hukosea kwenye utani, akifika kwenye mzazi na mtoto hakosei.

Kijana wa Makorora (Tanga)

Shikamoo mama. Hiyo ya kaburini umenirudisha mbali sana.

Mwalimu wa Historia (Mombasa)

Nataka kuongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo limeibeba hadithi nzima.

Shinsengumi walikuwepo kweli. Kondo Isami, Hijikata Toshizo, Okita Soji. Sorachi amegusa majina kidogo tu: Isao, Toshiro, Sogo. Katsura, pamoja na Takasugi na Sakamoto waliopigana na Gintoki katika vita ile ya zamani, nao wametokana na watu wa kweli wa miaka ile, waliokuwa upande wa pili. Sakamoto Ryoma aliuawa 1867. Takasugi Shinsaku alikufa kwa kifua kikuu mwaka huo huo. Kondo alikatwa kichwa 1868, Okita akafa kwa ugonjwa mwaka huo, Hijikata akaanguka vitani Hakodate 1869. Wajapani wengi wanaijua miisho hii.

Basi mtazame Hijikata akinyunyizia wali mayonezi, Okita akitega bomu ili amrithi cheo, Kondo akiwa uchi tena. Ni vijana ambao historia iliwaua, na hapa mtu kawapa siku za kawaida, za ugomvi mdogo mdogo, za kuchelewa kazini. Halafu katika mkasa wa kuwaaga Shinsengumi, 308 hadi 316, Kondo anakamatwa na anasubiri kuuawa, na mtazamaji anayejua historia anashika pumzi kwa sababu anajua yule wa kweli hakupona. Mzalendo, ulisema hujui watu wao, nami nakubali kwamba kazi hii inamdai mtazamaji. Ila kwa upande huu, saa moja ya kusoma kuhusu vita vya Boshin, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Japani ya miaka ile, inalipa.

Mzalendo254 (Nairobi)

Mwalimu, hii sikuijua. Nimeisoma mara mbili. Mbona hakuna anayesema hivi wanapoipendekeza? Kila mtu huniambia tu "itakuchekesha".

Binti Mkele (Muscat)

Wenye kukerwa na kuambiwa mbele, ruka maoni yangu.

Mimi niliifuata wiki kwa wiki iliporudi Aprili 2015, huku Muscat, na wadogo zangu Zanzibar tukisimuliana kwa simu. Wa kwangu ni shogun, yaani mtawala wa nchi, Tokugawa Shigeshige. Yule bwana alikuwa mzaha kwa miaka. Alikwenda klabu akapoteza mchezo akabaki na nguo ya ndani. Alikwenda kinyozi akaangukia mikononi mwa Gintoki. Alikwenda mlimani kwenye theluji, aibu juu ya aibu. Na kila mara hakukasirika, hakumwadhibu mtu, alibeba yote kwa utulivu wa mtu mwenye adabu. Sisi tulicheka tu.

Kisha ikaja 300 hadi 307. Wanataka kumuua, na watu wale wale waliokuwa wakimdhalilisha wanajipanga mbele yake kumlinda. Anaokoka vita nzima. Anaachia madaraka kwa hiari yake. Na baada ya hatari yote kupita, rafiki wa utotoni anamchoma sindano ya sumu, anakufa kando ya dada yake. Wallahi nililia. Nilipofikiria, nikaona adabu ile aliyoionyesha akiwa na nguo ya ndani ndiyo ile ile aliyofia nayo. Tulikuwa tumeonyeshwa tabia ya mtu kwa miaka, na tukadhani tunaonyeshwa kichekesho.

Udhaifu nao unaanzia hapo hapo. Baada ya shogun, kicheko hakirudi sawasawa. Na watengenezaji waliharibu mwendo wao wenyewe: mapema 2017 wakatupeleka vitani, kwenye mkasa wa Rakuyo, mambo mazito, baba na mwana wanapigana. Oktoba mwaka ule wakaturudisha kwenye vipande vya kuchekesha vya zamani walivyoviruka. Januari 2018 vita ya mwisho ikaanza. Ukiitazama leo kwa mfululizo unahisi umetolewa msibani ukaingizwa harusini, ukarudishwa msibani kabla hujavua nguo.

Fundi Spika (Mwanza)

Mimi nasema muziki tu. Nilikuwa siruki nyimbo za mwanzo. Bendi za DOES na SPYAIR nimezijua kwa Gintama, na mpaka leo ofisini kwangu zinapigwa nikijaribu spika, hasa gitaa. Udhaifu kwenye muziki sijauona.

Kijana wa Makorora (Tanga)

Tumalizie na mwisho wenyewe. Vita ya Silver Soul, kuanzia 342, wenzangu mnaionaje? Mimi ilinichosha. Kabukicho nzima imo vitani, na kila mhusika aliyewahi kupita hata kipande kimoja lazima apewe dakika zake za kung'ara. Mmoja anaanguka, anasema maneno, anasimama. Mwingine naye. Utsuro kama adui mkuu ni mzito mno, hafi, haishi, na nilimkumbuka Housen ambaye alitaka tu kuliona jua.

Mwenye uzi

Nakubaliana nawe kwa sehemu. Utsuro hakunifikia kama Housen au Takasugi. Adui bora wa Sorachi ni mtu mwenye jeraha dogo linaloeleweka. Akimfanya adui kuwa mkubwa kama dunia, anapoteza kile anachokiweza.

Lakini kuhusu kila mtu kupewa dakika zake, mimi niliipenda. Mtaa ule ulijengwa kwa miaka zaidi ya kumi. Hasegawa asiye na kazi, Saigo, vikongwe wa baa, wote. Sikutaka vita imalizwe na mtu mmoja mwenye nguvu. Nilitaka mtaa ujitetee, na ukajitetea.

Na mwisho wa manga mnaukumbuka? Septemba 2018 ilitakiwa iishe ndani ya Jump, haikuisha, ikahamishiwa jarida dada, Jump Giga. Huko nako haikuisha, ikahamia programu ya simu, ikakamilika Juni 2019. Msanii mwingine angetukanwa. Sorachi, anayejichora kama sokwe, alikuwa ametuzoesha miaka yote kuahidi mwisho na kuahirisha, kwa hiyo tulisubiri tukicheka. Filamu ya 2021 ilipotoka iliwagawia watazamaji wa Japani kadi zenye wahusika wa Demon Slayer, anime nyingine kabisa, waliochorwa na Sorachi, na ndiyo iliyoiondoa filamu ya Demon Slayer kwenye nafasi ya kwanza ya mauzo wikiendi ile. Hakuna kazi nyingine ambayo ingefanya hivyo na watu wakafurahi.

Kwangu filamu ile ililipa deni la Gintoki na Takasugi. Mengine sisemi, wapo ambao hawajafika.

Mzalendo254 (Nairobi)

Nimewasoma wote. Mama wa Morogoro na Mwalimu wamenigusa. Nikitaka kurudi, nianzie wapi? Sitaki kurudia yote mia.

Mwenye uzi

Anza kipande cha 25, kile cha chungu cha nyama, watu wamekaa mezani kugombania nani ale kwanza. Hakuna mwanasiasa wa Japani mle, hakuna tangazo la biashara, ni njaa na ujanja tu. Kikikuchekesha, nenda 58 mpaka 61. Kisha 101 hadi 105, Shinsengumi wanapotaka kugawanyika, ukiwa na yale aliyoyasema Mwalimu kichwani. Halafu Yoshiwara. Ukitoka Yoshiwara bila kusikia kitu, iache kabisa, nami sitakulaumu. Ukisikia kitu, rudi kipande cha 3 uje taratibu.

Mama wa Wawili (Morogoro)

Na akifika 210 atuambie humu, nitakuwepo.